Kaka Yangu Alivyorudishwa Benchi la Komunyo ya Kwanza

Wadau, mmewahi kumwona mwanaume mwenye ndevu zake amebanana benchi moja na watoto wenye mapengo, anafundishwa ishara ya msalaba?

Mimi nimemwona. Alikuwa kaka yangu Severin, na aliyekuwa anamfundisha ni mjomba wetu wa damu.

Hii ni Mgeta, juu kabisa milimani, miaka ile ya tisini ya soko huria. Kwetu soko huria lilikuja na sura mbili. Malori ya Dar yalipanda kufuata kabichi na karoti, tukaanza kujiona watu. Huku chini Morogoro mjini mitumba ikajaa, viwanda vikasuasua, vijana wetu wakapunguzwa kazi.

Severin alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Enzi hizo anakaa Mafiga alikula bata kisawasawa. Kanisa akalisahau, jumuiya hata hakujua inasali nyumba gani.

Alipopunguzwa alirudi na begi moja na kikohozi. Alikuwa amekonda mpaka mama alipomwona anapanda njia alidhani ni mgeni anauliza njia. Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua, ila miaka ile hakuna aliyeutaja.

Wiki ya kwanza tu akamwambia mama, "Nataka kupokea komunyo kabla sijafa. Sina shida nyingine."

Mama yangu, Martina, akampeleka kwa kaka yake, mjomba Kasimiri, katekista wa kigango chetu. Padre alikuwa anafika kwetu kwa nadra, na mvua zikianza ndiyo basi kabisa. Kwa hiyo mjomba ndiye alikuwa kila kitu. Ibada ya Jumapili yeye, mafundisho yeye, mazishi yeye.

Na kwetu Waluguru mjomba ana sauti kuliko baba. Huyu wa kwetu alikuwa na sauti mara mbili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo ndiyo umetukumbuka?"

"Nimerudi, mjomba. Nataka kurudi kanisani."

"Waliopotea wanaanza mafundisho upya. Njoo Jumamosi. Ukifaulu, utapokea komunyo siku ya Pasaka."

Mama akasema taratibu, "Kaka, mtoto anaumwa."

"Kanuni haiumwi," mjomba akajibu.

Basi kaka akaanza. Kila Jumamosi anapanda kile kilima, anapumzika njiani kama bibi kizee, anafika, anakaa na watoto.

"Sakramenti ni ngapi?"

"Saba."

"Zitaje."

Anazitaja, kikohozi kinamkata, anaanza tena. Ile ya mpako wa wagonjwa, mafuta ambayo padre humpaka mgonjwa, ndiyo ilikuwa inamponyoka kila mara. Mjomba anamrudisha mwanzo, watoto wanaziba midomo wasicheke.

Siku moja kaka akanyoosha mkono, mtu mzima yule. "Mjomba, mtu akisali sana na hasikii kitu, ina maana amekataliwa?"

Mjomba akafunua kitabu, akakifunga. "Swali hilo halimo. Taja sakramenti."

Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri. Inaniuma mpaka leo, maana lile ndilo lilikuwa swali lake la kweli.

Sasa msinielewe vibaya. Mjomba hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyemaliza kujifunza.

Padre wetu, Padre Stephano, alikuwa kijana mzaliwa wa hapo hapo milimani. Kila mwaka aliwaita makatekista parokiani kwa semina. Wenzake wanateremka, mjomba anabaki anapalilia karoti.

"Mimi nimefundishwa na mapadri wazungu wenye ndevu mpaka hapa," anasema, anashika kifua. "Huyu Stephano nilimfundisha mimi kushika rozari. Leo anifundishe nini?"

Tulikuwa tunacheka kweli. Mzee alikuwa anajua kuchekesha.

Kwaresima ikaingia, mvua nayo. Severin akashindwa kupanda kilima. Mama akaenda kwa mjomba, akapiga magoti, akaomba wamwite padre.

"Amekosa Jumamosi tatu," mjomba akasema. "Nikimlegezea mpwa wangu, kijiji kitasemaje?"

Kaka akafa Pasaka haijafika. Alikufa anahesabu sakramenti kwa vidole, mimi nimeshuhudia.

Mazishi ndiyo yalitumaliza. Mjomba alikuja na shati la shamba, bila kanzu yake nyeupe. Alishika jembe kama mjomba, akachimba kwa bidii, jasho likamtoka. Ila kusali juu ya kaburi alikataa. Marehemu hakumaliza mafundisho. Tukamfukia kimya kimya, kama watu wanaofukia mbegu.

Wiki Takatifu padre akafika kuungamisha, amechafuka matope. Hata maji hajanywa, akauliza, "Severin wa mama Martina yuko wapi? Nasikia alirudi."

Tukamwambia.

Padre akakaa kwenye jiwe. "Kwa nini hamkuniita?"

Mjomba akajibu kwa kujiamini, "Alikuwa bado yuko mafundishoni."

"Mafundisho ya nini, mwalimu? Alibatizwa huyu. Alipokea komunyo akiwa mtoto. Alihitaji kuungama tu. Ningekuja siku hiyo hiyo, hata kwa miguu." Kisha akasema polepole, "Hili nimelieleza semina tatu mfululizo."

Ndugu zangu, nilimwona mjomba akizeeka pale pale aliposimama.

Akageuka kwa mama. "Martina..."

Mama alikuwa anakausha macho kwa khanga. "Mpako wa wagonjwa ulimfundisha kuutaja," akasema. "Hukumletea."

Mwaka ule mjomba akaenda semina. Alikaa mbele, akaandika, akauliza maswali kuliko vijana. Aliporudi kanuni ikafutwa. Mgonjwa yeyote akitaka padre, mjomba anatuma mtu kabla hajamaliza kusikia jina. Wengi walikufa vizuri kwa sababu hiyo. Ila kanisani mama hakumpa tena mkono wa amani.

Mnadhani alikuwa amefunguka? Hata mimi nilidhani.

Miaka ikapita, mjomba naye akaanguka kitandani. Tukamuuliza tumwite padre, akakataa. Mama akapata habari. Alijifunga khanga, akateremka mlima kwa miguu, mwanamke mzee yule, akarudi na Padre Stephano na mafuta matakatifu.

Mama akakaa kitandani, akamshika kaka yake mkono. "Kasimiri, nimekuletea padre. Pokea."

Mjomba akageukia ukutani. "Severin hakupata. Na mimi nisipate."

Padre akabembeleza. Akamwambia Mungu hana kinyongo. Mjomba akasema, "Najua, baba. Nafundisha hivyo." Hakugeuka. Alfajiri hakuwa nasi.

Mama alikaa pale bila kulia. Baadaye akaniambia, "Mara hii padre alikuwepo, Editha."

Simulizi yangu imeishia hapo, na funzo lenyewe ni chungu. Ukiwa mwalimu wa dini, mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, kubali kufundishwa hata na mtoto uliyemfundisha. Na ukishafundishwa, usiishie kuwagawia wengine, jigawie na wewe. Mjomba wangu aliielewa huruma ya Mungu kwa kila mtu wa kijiji kile, isipokuwa mmoja.