Mashairi Yasiyokuwamo

Mji mzima wa Gouyave, pale kisiwani, ulijua kwamba Miss Ismay Redhead hafundishi na kitabu mkononi. Mashairi yote ishirini ya mtihani wa fasihi ya Kiingereza alikuwa nayo kichwani, na alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Ualimu hakusomea. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na miaka kumi na tisa tangu siku hiyo alikuwa akifundisha barazani kwake watu wazima waliotaka kufanya mtihani bila kurudi shule kukaa na watoto.

Mwaka huo walikuwa saba. Walikuja saa kumi na moja jioni, wengine na samaki wa mwalimu mkononi, na kabla mtu hajakaa swali lilikuwa limeshamfikia.

"Tashbihi?"

"Kufananisha kwa kutumia 'kama', Miss."

"Sitiari?"

"Kufananisha bila kuomba ruhusa, Miss."

"Tashihisi? Koplo Japal!"

"Kukipa kitu kisicho na uhai tabia za mtu."

"Mfano?"

"Pikipiki yangu leo imeninunia."

"Isikununie ina wazimu? Unaiosha lini?"

Hayo hayapo katika kitabu chochote, lakini waliyashika.

Aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ni Merlyn Noel, mwanamke wa miaka thelathini na minne, msaidizi katika shule ya chekechea. Chuo cha walimu kilimshikia nafasi hadi Septemba, kwa sharti moja: afaulu fasihi. Alikwisha kuanguka mara mbili kwa mwalimu mwingine. Miss Ismay alimwambia mbele ya watu, "Kwangu huanguki," na akaliacha neno hilo lizunguke mji mzima.

Sasa, mashairi ya mtihani hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kila Septemba, mwalimu mkuu wa sekondari, kwa hisani yake, humpelekea Miss Ismay orodha. Septemba hiyo Miss Ismay aliifungua, akaona mashairi mawili ya kwanza ni yaleyale, akacheka. "Wanabadilisha jalada tu hawa," alisema, akaitupa juu ya friji, asimwonyeshe mtu. Laiti angesoma mpaka mstari wa tatu.

Jumatatu ya wiki ya mtihani alikuwa kwenye foleni ya mkate. Mbele yake msichana wa shule alikuwa akikariri kimoyomoyo, midomo ikimcheza, mara mstari ukamponyoka kwa sauti. Miss Ismay hakuutambua.

"Shairi gani hilo, mwanangu?"

"La mtihani, Miss. La mkunga."

"Hakuna la mkunga."

Msichana akamtazama kwa adabu, namna watoto wanavyowatazama wazee waliochanganyikiwa. "Lipo, Miss. La saba."

Alirudi nyumbani bila mkate. Akaishusha orodha, akaisoma kwa kidole. Sita anayafahamu. Kumi na manne hajapata hata kuyasikia. Mtihani ulikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi.

Jioni walipofika alikuwa ameshajipangia maneno ya kuwaambia. Ila Merlyn aliingia amechangamka, akasema, "Miss, leo nataka kulisema la gatini bila kutazama." Lilikuwa shairi la mama anayemsindikiza bintiye kwenye meli ya kwenda Uingereza, anayemfunga kitambaa cha kichwa mara tatu ili asimwachie. Merlyn alisimama, akalisema lote. Alipofika pale mama anapofungua fundo na kulifunga upya, Koplo Japal, mtu mzima na mabavu yake, alijifanya anafuta miwani. Shairi hilo halikuwamo katika orodha. Miss Ismay alifungua kinywa na kusema, "Vizuri sana, Merlyn. Dhamira yake?" Akaendelea kufundisha kitu kisichomfaa mtu yeyote kwa saa nzima, kwa sababu aliona haya. Hakuna sababu nyingine, na mwenyewe hakujitafutia nyingine.

Jumanne aliwaambia. Aliwaambia akiwa amesimama, karatasi mkononi, na hiyo pekee ilitosha kuwatisha.

"Miss," alisema Koplo Japal, "mimi nimewalaza watu rumande kwa makosa madogo kuliko hili."

Mmoja akacheka. Merlyn hakucheka.

"Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Nikiwa nimesimama pale jana, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Merlyn alimkazia macho mpaka wengine wakaanza kutazama sakafu. Kisha akafungua daftari, akazikunja kurasa za nyuma kwa nguvu. "Haya. Tufundishe hayo sita."

Njia ilikuwa moja tu. Mtihani huwa na maswali mawili ya mashairi, mtahiniwa huchagua moja. La kwanza hutaja mashairi yenyewe, hilo waliache. La pili hutaja dhamira, na mtahiniwa hujichagulia mashairi mawili yoyote, mradi yawe katika orodha. Basi yale sita yalipaswa kujibu kila dhamira chini ya jua. Palikuwa na la mkata miwa, la nyumba ya bibi iliyobomolewa na kimbunga, la askari aliyerudi bila mguu, la mtoto anayepigwa shuleni kwa kusema lugha ya kwao, la wazee wawili wanaopendana kwa kugombana, na la mto uliokauka.

Siku mbili hizo hakuna aliyeleta samaki. Waliketi tangu mchana, wengine wameomba ruhusa kazini kwa uongo, chai ya kakao ikipoa mezani.

"Vita!"

"Askari na mkata miwa, maana naye mwili wake umeliwa na mtu mwingine."

"Mapenzi!"

"Wazee, na nyumba ya bibi."

"Kuagana! Merlyn!"

"La gatini..."

"Hilo halimo."

"Nyumba ya bibi na askari," alisema Merlyn haraka. "Najua, Miss. Najua."

Alhamisi Miss Ismay alikaa kwenye ukuta mfupi mkabala na lango la shule, mkoba mapajani. Wa kwanza kutoka alikuwa Koplo Japal. Alimpungia dole gumba kwa mbali akakimbilia zamu. Wengine wakafuata, wawili watatu, wamechoka lakini wanaongea. Swali la pili, walimwambia, liliuliza kuhusu kuagana. Nyumba ya bibi na askari. Miss Ismay akashusha pumzi.

Merlyn alitoka wa mwisho, anacheka, mkono wake wa kulia umechafuka wino.

"Miss! Kurasa tano! Sijawahi kuandika vile maisha yangu. Peni ilikuwa inakwenda yenyewe. Nyumba ya bibi ukurasa mmoja na nusu, halafu yule mama na kile kitambaa, Miss, fundo la kwanza, la pili, la tatu, yote niliyaeleza..."

Aliendelea kueleza. Miss Ismay alikuwa hasikii tena. Kurasa tatu na nusu juu ya shairi lisilokuwamo hazipati alama hata moja, na Merlyn bado hajatambua. Matokeo ni Agosti. Ingewezekana kumpongeza tu, na kumwacha na miezi miwili ya furaha.

"Merlyn," alisema. "Yule mama hayumo katika orodha."

Kicheko kikabaki mdomoni kwanza, kisha kikaondoka. Merlyn alitazama mkono wake wenye wino. Akahesabu kitu kwa midomo, yale sita pengine, akafika mwisho.

"Chuo," alisema.

"Najua."

"Ungeniacha nifurahi, Miss. Hata mpaka Agosti tu."

"Jumatatu nilikuacha ufurahi."

Merlyn alisimama pale, watoto wa shule wakimpita kushoto na kulia wakilinganisha majibu yao. Miss Ismay alingoja matusi. Alikuwa tayari kuyapokea yote.

"Sogea," alisema Merlyn. "Sogea, Miss, nikae."

Akasogea.