Tairi la Akiba Chini ya Mama Mkwe

Fundi mmoja wa kuezeka mabati, wenzake walimwita Kobe kwa sababu alihama na nyumba yake. Kazi ikiisha hapa, anafunga karavani nyuma ya pikapu, mkewe anaketi mbele, hao wanakwenda kuezeka kwingine. Jina hakulikasirikia. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, hata kama ina magurudumu.

Kilichomshinda ni mahali pa kuweka tairi la akiba. Rafiki yake mchomeleaji alimwambia alifunge mbele, kwenye chuma cha kukokotea, lakini hapo palikuwa na mtungi wa gesi. Pikapu nayo ilijaa ngazi na mabati. Kutegemea tairi la akiba la pikapu hakukuwezekana, maana lilikuwa na matundu sita ya nati na la karavani matano. Basi akaling'iniza chini ya sakafu ya karavani.

"Siku ya pancha utalifikiaje, na nyumba imelala chini?" mchomeleaji aliuliza.

"Nitaingia uvunguni. Si ni kwangu?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyonga ilipomharibikia mama mkwe, alihamia kwao. Kitanda cha nyuma kikawa chake, na Kobe akawa analala kwenye pikapu bila kunung'unika. Mbele ya mama huyu fundi alikuwa mtoto wa shule. Akiambiwa chai haina sukari anakubali, na ni yeye aliyeikoroga vijiko vitatu. Safari hii mama hakuweza kuketi mbele, akalala humo humo karavanini. Kisheria haikuruhusiwa, lakini nani angemwambia?

Kwenye mlima, tairi la karavani likapasuka. Kobe akasogea pembeni, kwenye kokoto, malori yakipita karibu kiasi cha kuyumbisha kuta.

"Mtoe mama kwanza," mkewe alisema, akachukua kibao cha tahadhari na kurudi nyuma kwenye kona kuyaonya magari.

Kobe akachungulia dirishani. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Usiku kucha alikuwa akiugulia maumivu, na huu ndio usingizi wake wa kwanza. Kobe akaushusha mkono uliokuwa tayari kugonga. Mtu mzima na akili zake! Akajiambia ni dakika mbili tu, akaweka jeki juu ya kokoto, akainua, akajilaza chali na kujisukuma chini.

Nati ya kishikizo ilikuwa imeshikwa na kutu. Alivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Hatimaye tairi likadondoka kando ya bega lake, naye akashusha pumzi.

Juu yake kitanda kikalia.

Kisha hatua moja. Sakafu ikashuka kidogo, na jeki, aliyoiona vizuri kutoka pale alipolala, ikaanza kuinama. Kobe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya paa lolote.

"Mama!"

"Abee?" Hatua nyingine. "Mbona tumesimama?"

"Usitembee! Simama hapo hapo! Mama, nakwambia simama!"

Lori likapita, kokoto zikachezacheza chini ya jeki. Juu, mama alikuwa amesimama kwa nyonga yake mbovu, na Kobe alimsikia akihema kwa maumivu bila kuusogeza mguu. Akajivuta kwa visigino na viwiko, shati likachanika, kiuno kikapita, magoti yakapita.

"Kaa sasa, mama. Kaa chini polepole."

Mama alipokaa, jeki ikachoropoka. Karavani ikaangukia tairi lile alilolishusha, ikaegemea hapo, vikombe vikipasuka ndani. Kobe alibaki ameketi kwenye kokoto.

Mkewe akaja mbio, akafungua mlango. Mama alikuwa sakafuni, mzima, macho kwa mkwewe.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Chini yako, mama."

"Na mimi nimo ndani?"

"Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha."

Machozi yakamjaa mama mkwe.

"Ningemwambia nini mwanangu?" alisema. "Kwamba mumewe amekufa ili mimi nisinzie?"