Namba ya Chini

Kipimo nilichopewa kazini kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na kwa siku nne mfululizo kilikuwa kinanidanganya. Ndivyo nilivyoamini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu: kuingia kwenye nyumba za zamani za Kibaha mpaka Mlandizi, zilizojengwa kabla sijazaliwa, kuweka kipimo sebuleni, chumbani na jikoni, kusubiri nusu saa kila mahali, kuandika. Kulikuwa na taa moja, kijani, njano au nyekundu, na namba mbili. Ya juu ilihesabu vumbi na moshi. Ya chini ilihesabu gesi ya mkaa, ile ambayo chuoni tuliita kaboni monoksidi na kuisahau baada ya mtihani. Kulikuwa na kengele pia, lakini tuliambiwa tuizime, isije ikawatisha wenye nyumba. Nilisoma mambo ya mazingira miaka mitatu, nikaishia kukaa kwenye makochi ya watu nikiangalia taa.

Shida ilikuwa hivi. Jikoni kwenye kuni, taa ilikuwa njano. Sebuleni, ambako hakuna kinachowaka, sakafu imepigwa deki, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe na chumba kizima kinanukia kama siku ya sikukuu, taa ilikuwa nyekundu. Nyumba ya kwanza nilisema bahati mbaya. Ya sita nikampigia simu msimamizi wangu.

"Sebule inalishinda jiko kwa moshi?" aliuliza. "Acha masihara."

"Siyo mimi, ni mashine."

"Mashine ni mpya."

"Mpya siyo sawasawa na nzima."

"Wewe dada, unabishana hata na saa ya ukutani." Akakata.

Ni kweli, nabishana na saa ya ukutani. Saa inaweza kuwa nyuma. Basi Jumamosi, katika chumba changu cha kupanga pale Kwa Mathias, niliamua kukipima kipimo. Nilihitaji nyumba ambayo hewa yake naiamini kabla ya kuipima, na niliijua moja tu: ya bibi yangu, mama yake mama, kule Kibuta, Kisarawe. Nyumba ya miti na udongo iliyopigwa lipu, kwenye mteremko, mikorosho upande mmoja na upepo pande zote. Tena dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua huko na mtoto sijamwona. Nikabeba kilo mbili za sukari, khanga ya mzazi na kipimo, nikaondoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kumwona mtoto au umekuja kuninyang'anya bwana?"

Babu alifariki siku nyingi, lakini utani wa kuwa wake wenza hatukuuzika naye.

"Bwana wako simtaki. Nataka nyumba."

"Nyumba ina popo."

"Popo tuliwafukuza."

"Ndiyo maana sasa nakosa wa kuzungumza nao."

Dada alikuwa siku ya kumi na tisa ya arobaini yake. Kwa bibi, arobaini haina mjadala: mzazi hatoki nje, haguswi na upepo, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, na chini ya kitanda chake panakaa jiko la mkaa ili tumbo lisipate baridi. Nilimkuta amelala mchana, dirisha limefungwa, kitambaa kimesokomezwa kwenye ufa wa chini ya mlango. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake, mdogo, mdomo wazi.

"Mpole huyo," bibi alisema kwa fahari. "Hasumbui. Wageni wote wanamsifu. Hata ukimkosea ratiba ya kunyonya, hadai."

"Na wewe je?" nilimuuliza dada.

"Kichwa tu. Kila siku kuanzia saa nane kinanigonga. Nikisimama naona nyota."

"Damu," alisema bibi. "Nampa uji wa pilipili manga, nampa maini. Itarudi."

Nilikubali kwamba ni damu. Mimi, ninayebishana na saa. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya kichwa cha dada. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mashine.

Nikaanza uwanjani: kijani. Jikoni, kwenye banda la bibi: njano. Sebuleni: kijani. Hapo nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, maana kama ni kizima hapa, kwa nini kiwe kibovu Mlandizi? Nikaingia chumbani kwa mzazi, nikakiweka juu ya kigoda, na bibi akaja kusimama mgongoni kwangu na miwani yake. Taa ikawa nyekundu.

"Haya, kimeanza tena," nilisema. Nikanyoosha mkono kukizima.

"Ngoja. Hii namba ya juu ni ya nini?"

"Vumbi na moshi."

"Na hii ya chini?"

Niliitazama. Kusema kweli wiki nzima sikuwa nimeitazama. Nilikuwa naiandika tu: sifuri, sifuri, moja, sifuri. Sasa haikuwa sifuri, na wakati naitazama ikapanda, ikatulia kidogo, ikapanda tena. Ilishavuka pale ambapo karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa herufi nene kwamba watu watoke.

Nilimnyanyua mtoto.

"Unampeleka wapi?" bibi aliuliza.

"Nje. Dada, inuka, tutoke."

"Mzazi hatoki nje!"

"Bibi, kuna gesi humu. Inatoka kwenye jiko."

"Moshi uko wapi? Mkaa huu nimeuwashia nje mpaka ukashika wote. Haujabaki moshi hata wa kuchokoza jicho."

"Hii haina moshi. Haina rangi, haina harufu. Mkaa ukishashika ndiyo kwanza inaendelea kutoka."

Bibi alinitazama juu ya miwani. "Haina moshi, haina rangi, haina harufu. Wewe si ndiye ulikataa majini kwa sababu hayaonekani?"

Dada alikuwa ameshakaa kitandani, ameshika kichwa, anatutazama kama watu wanaogombania kiti asichokihitaji.

"Sebuleni," nilisema. "Sebuleni siyo nje. Kuna paa, kuna kuta, nitamfunika khanga tatu."

Bibi akafikiri. "Nne," akasema.

Tukamhamisha. Nilifungua dirisha la sebule upande ambao upepo hautamfikia moja kwa moja, na bibi akalisogeza pazia aone kama nimesema kweli. Kisha akanyoosha kiganja. "Lete hiyo mashine yako. Sasa nataka kuijua."

Nimekaa maabara na watu wenye makoti meupe ambao hawakufanya kazi kwa uangalifu kama aliofanya bibi yangu adhuhuri ile. Alikipeleka kipimo uwanjani, akasubiri mpaka namba ya chini ikarudi sifuri. Akakirudisha chumbani, akaufunga mlango, akasimama nje yake akihesabu tasbihi yake mzunguko mzima. Akafungua: namba iko juu. Akarudia. Mara ya tatu alilitoa jiko, akafungua dirisha, akang'oa kile kitambaa kwenye ufa, akahesabu mizunguko miwili. Namba ilikuwa imeshuka karibu na sifuri.

"Ina pua," alisema. Kwa bibi hiyo ni sifa kubwa. Halafu akakaa kwenye kigoda na uso ukabadilika. "Lakini mimi nimezaa saba humu ndani. Na jiko chini ya kitanda. Na mama yenu ni mmoja wao. Mbona wote wazima?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa wiki ile, na lilinikera kwamba siyo mimi niliyeliuliza. Kama gesi inaua, kwa nini haikuua? Nililala chali kwenye kitanda cha dada, mahali ambapo bibi alikuwa akilala na watoto wake, nikatazama juu.

Juu palikuwa na silingbodi. Nyeupe, safi, imepigwa misumari vizuri. Juu ya silingbodi palikuwa na bati. Lakini mimi nilikuwa nimelala chumba hiki nikiwa mtoto, na wakati huo juu palikuwa na makuti, na kati ya makuti na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha kichwa cha paka. Moshi ulikuwa unajitafutia njia yake. Mjomba alipoezeka bati, nafasi ikapungua. Alipoweka silingbodi, ikabaki mianya michache kwenye kona, na popo wakaipata. Popo walimchekesha bibi na kunichukiza mimi, kwa hiyo likizo ya mwaka wa pili chuoni niliomba ndoo ya saruji na ngazi, nikaziba mwanya mmoja mmoja, nikijiona fundi. Wa mwisho ulikuwa juu ya kitanda hiki. Alama za vidole vyangu vinne bado ziko pale kwenye saruji.

Nilimwambia bibi. Nilimwonyesha na vidole.

"Kumbe popo walikuwa wapangaji wazuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Na mimi mtoto hadai maziwa, nasema mpole."

Tulichukua bodaboda mbili mpaka zahanati, mimi na dada na khanga zake nne, bibi na mtoto nyuma yetu, maana bibi alisema kama arobaini inavunjwa, itavunjwa mbele ya macho yake. Muuguzi aliwaangalia wote wawili, akasikiliza vifua, akatuweka pale mpaka alasiri chini ya uangalizi wake, akasema tumewahi. Aliniuliza jiko liko wapi sasa. Nikasema uwanjani. "Libaki huko huko," akasema, na bibi akaitikia "ndiyo mama" kwa adabu ambayo sijawahi kuipata mimi.

Ila suala la baridi lilibaki. Nilisema Kibuta hakuna baridi. Bibi akasema mimi sijawahi kuzaa, kwa hiyo ninyamaze. Jioni nikamwona anachagua jiwe nyuma ya nyumba, kubwa kama kichwa cha mtoto, analigonga kuona kama lina ufa. Alilipasha moto jikoni, akalitia kwenye sufuria kuukuu, akafunika kwa kifuniko na kusukuma chini ya kitanda. Dirisha liliachwa wazi kiasi cha kiganja, pazia mbele yake. Akaweka kipimo juu ya kigoda, akakaa kukichunga, na sifuri ilipobaki sifuri alinigeukia.

"Chuoni hawakuwafundisheni mawe?"

"Hapana, bibi."

"Basi andika."

Kesho yake asubuhi nilimweleza habari za Mlandizi, zile sebule zenye taa nyekundu. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Unawapigia simu kabla hujaenda?"

"Siku moja kabla. Ni heshima."

"Unawaambia unakuja kufanya nini?"

"Kupima hewa ya nyumba yao."

Akacheka mpaka ungo ukamwagika. "Mtu kaambiwa mgeni anakuja kumpima hewa! Unafikiri atakuacha uikute inanuka dagaa? Nyumba nzima imefukizwa udi tangu alfajiri. Wamekuondolea chetezo mlangoni tu ulipobisha hodi."

Nilikuwa nimeusikia ule udi nyumba zote sita. Lakini nani anauhesabu udi? Nimekua ndani yake. Kwangu ile ilikuwa harufu ya nyumba safi, siyo moshi.

Sasa nikipiga simu nasema: naomba sana, msifukize. Wengi wanakubali kwa mdomo. Mama mmoja alinijibu, "Sasa mwanangu, nikupokee kama nimekasirika?" Huwa naenda mapema kuliko nilivyoahidi. Na namba ya chini naitazama kwanza.

Kuhusu mtoto mpole: alikwisha. Siku ya tatu tangu jiko litoke alianza kudai, na alidai kama mtu aliyedhulumiwa muda mrefu. Alilia kabla ya kunyonya, alilia katikati, alilia akibadilishwa nepi. Kichwa cha dada kilikuwa kimepona, kwa hiyo alikuwa na nguvu ya kunipigia simu na kunilaumu.

"Msikilize mwanao," alisema, akaisogeza simu mdomoni mwa mtoto.

Siku ya arobaini nilirudi Kibuta. Bibi alikuwa amefukiza udi wa kutosha wilaya nzima, na mimi kipimo nilikuwa nimekiacha Kibaha kwa makusudi. Mtoto alitolewa nje kwa mara ya kwanza kihalali, akalitazama jua, akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Wageni wakatutazama kwa huruma. Mmoja akasema, pole jamani, analia hivi siku zote?

"Siku zote," bibi alijibu, na sijamwona akijibu kitu kwa raha kama ile.

Wageni walipoanza kuondoka, jirani wa nyumba ya chini akabaki. Mkwewe alikuwa ametimiza miezi tisa, siku yoyote tu. Alimvuta bibi pembeni, akamnong'oneza. Nilidhani anaulizia mashine, nikaanza kutayarisha maelezo kwamba ni mali ya kazini.

Alikuwa anaazima jiwe. Bibi alimpa na sufuria yake, akaongozana naye mpaka kwake, na nilipowafuata nilimkuta amesimama katikati ya chumba cha watu, mikono kiunoni, anatazama dari.

"Hapa kwenye kona," alikuwa anasema, "nani aliziba?"