Ovaroli na Nepi kwenye Kamba Moja

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya bima, Msimamizi wa Mauzo alinipokea kwa swali: "Una jamaa wengi?" Nilipomjibu kwamba nusu ya mtaa wetu wa Bofu ni jamaa zangu, aliona nimekuja na mtaji. Hilo ndilo tuliloliita soko la nyumbani, yaani ajenti huanza na nduguze kabla ya kuwaendea watu baki. Nilikuwa na miezi mitatu ya majaribio. Nisipopata mteja hata mmoja, ningerudi kumsaidia mama kukaanga mihogo, kazi niliyoichukia kuliko zote.

Ndugu zangu walinikomesha. Shangazi akiniona kwa mbali alikuwa akifunga mlango. Mjomba alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja kifo. "Kadzo," akasema, "wanitakia mema kweli?" Waliobaki walisema watafikiri, na mpaka leo wanafikiri. Mwezi wa pili ukaisha nikiwa mikono mitupu.

Nikaenda kwa Meneja wa Tawi, bwana wa bara mkali kama pilipili. "Mteja mtarajiwa," akaniambia, "ana mambo mawili: mshahara, na sababu ya kuiogopa kesho. Likikosekana moja, usimalize soli za viatu."

Maneno hayo yalikuwa yakinizunguka kichwani nilipokuwa nikipita Mjambere, nikaona kamba ya nguo. Ovaroli ya bandarini, na kando yake safu ya nepi nyeupe. Nusura nipige vigelegele! Ovaroli ilikuwa mshahara wa Kipevu, bandarini. Nepi zilikuwa mtoto ambaye kesho angetaka karo, na sisi tulikuwa na bima ya elimu. Kuanzia hapo nikawa nikitembea nikitazama kamba za watu.

Kumbe mgeni anayekodolea macho nguo za watu ana jina lake mtaani. Wiki ya mwisho ya majaribio, nilikuwa nimeinama kuikagua ovaroli kama ni ya kibarua au ya mwajiriwa, mkono ukanidaka.

"Nepi zangu zapotea kila siku. Leo nimekupata!" akafoka mama mwenye nyumba.

Majirani wakanizingira. Niliona kazi imekwenda, tena kwa kesi ya nepi! Ndipo mkwewe, bikizee mmoja, akatoka ndani.

"Shikamoo, bibi," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Marahaba. Mwacheni aseme."

Nikaeleza yote: ovaroli, nepi, mshahara, karo. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi huyu si mwizi. Mwizi ana hesabu ndefu hivi? Mkaza mwanangu, mpe kiti." Kisha akanigeukia. "Hiyo bima, baba akifa, mtoto asoma?"

"Asoma, bibi."

"Na asipokufa?"

"Bima ikiiva, yaani muda wake ukitimia, mwapewa fedha zenu, na asoma vilevile."

"Basi twangoja nini?"

Jioni mume aliporudi kutoka Kipevu alikuta shauri limekatwa, kazi yake ni kutia sahihi. Wawili kati ya walionizingira walijiandikisha kabla ya wiki kwisha. Nilitembea hadi stendi nikiimba peke yangu.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikapelekwa Changamwe, kisha Likoni, nikifundisha maajenti kusoma kamba. Pampas, nepi za kutupa, zilipojaa madukani tukapoteza ishara yetu, ikabidi tukae na mama wauza uji, maana wao hujua nani kajifungua. Niliipenda kazi hii, wacha niseme wazi. Iliniingiza katika nyumba za watu nikiwa mgeni, nikatoka nikiwa ndugu.

Sasa nimestaafu, niko Bofu. Majuzi msichana alipiga hodi, jasho likimtoka. Alikosea kila kitu. Hakuuliza habari za nyumbani, alianza moja kwa moja na kifo, hata jina la kampuni yake akalisahau. Nikamwuliza yuko mwezi wa ngapi wa majaribio.

"Wa tatu, nyanya," akasema, akiangalia chini.

Nikamvutia kiti. "Nina mjukuu mchanga," nikamwambia. "Toa fomu, mwanangu. Nitakuonyesha natia sahihi wapi."