Kipande cha Magreth Kilichobaki Dar es Salaam

Mke wangu Magreth alizaliwa hapa karibu na Shelui, akalima alizeti hapa, na mwaka jana tulimzika hapa. Alikuwa mkali wa mdomo, mwepesi wa mkono. Akiona shamba la jirani lina majani, anaingia kupalilia bila kuitwa, huku anamsema mwenyewe.

Saratani ilimshika kwenye ini. Dar es Salaam madaktari walimwomba kipande cha uvimbe kwa utafiti.

"Chukueni wote," akawajibu. "Mnibakizie mimi tu."

Walicheka. Mimi sikucheka.

Juzi alikuja binti mmoja, Jenifa, mtafiti wa huko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akasema chembe za ule uvimbe bado ziko hai. Wanazilisha kwenye chupa. Sisi ndugu tukikataa, wanaacha. Ndiyo maana amekuja kuuliza.

Shemeji yangu Zefania, kaka yake Magreth, aliyekaa nasi, akadakia.

"Zirudi! Kumbe dada yangu tulimzika pungufu? Na wewe shemeji umekaa kama mtu aliyekuja kuhani!"

Nikamuuliza binti, "Kilichomuua mke wangu ndicho mnachokilisha?"

"Ndicho, babu. Tunajifunza kukiua."

Akaeleza taratibu. Wanatengeneza vifuko vidogo mno, jicho halivioni, vya kitu kama plastiki. Ndani wanatia vinasaba, yaani maelekezo ya kuiambia chembe ya saratani ife. Kifuko kinaingia kwenye chembe, kinashusha mzigo, halafu chenyewe kinayeyuka, hakibaki. Ila ni kwenye chupa tu. Mgonjwa bado hajapewa.

"Na zinakufa?"

"Nyingi. Si zote."

"Si zote!" Zefania akaguna.

Nikamgeukia. "Shemeji, zikirudi tutazika wapi?"

"Kwa dada, wapi tena?"

"Huo ni ugonjwa, si Magreth. Ugonjwa huo umelala naye miaka miwili, mimi niko pembeni nasikia. Leo niupeleke tena ukalale naye?"

Zefania akamgeukia binti, akamuuliza, sauti imeshuka, "Hizo zisizokufa mnazifanyaje?"

"Tunabadilisha kifuko, baba, tunajaribu tena."

"Jaribuni sana."

Nikaweka sahihi kwamba waendelee. Zefania akanipokonya kalamu, akaandika jina lake kwa kubana chini ya langu, ingawa karatasi ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja.