Saini Aliyonyimwa Dada

Dada amekufa. Nyie mnaonisoma hapa kila wiki mnamjua, ingawa sijawahi kumtaja: kila nilipoandika "kuna mtu kaniambia", huyo mtu alikuwa yeye. Homa ilimshika Jumamosi, Jumanne akawa hayupo, Alhamisi tukamzika hapa hapa Ifakara huku mvua inatunyeshea. Hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuwa jirani yetu Lipangalala, amenipita miaka kumi na kitu, na mimi nilikuwa fundi simu wake. Lakini nikisema dada namaanisha dada, na anayetaka kubishana nami mambo ya ukoo aje kibandani kwangu Mlabani tubishane. Nawaambia mapema kabisa kwamba leo nina hasira. Nilijaribu kuandika kwa upole, nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta.

Kwa miaka mingi dada alichambua mchele kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa mpunga hapa bondeni. Unawaona akina mama wamekaa kwenye mikeka, ungo mapajani, wanatoa mawe na chuya, vumbi la pumba limewakaa kwenye kope. Siku moja akaja kibandani akaniambia, "Mdogo wangu, naenda chuo." Nikacheka. "Kusomea nini dada, upishi?" Akasema, "Rasilimali watu." Nikamuuliza hiyo ndiyo nini. Akanijibu, "Ile kazi ya yule bwana wa ofisini anayeniita 'we mama wa kona'. Nataka nikae kwenye kile kiti, niwaite watu kwa majina yao." Sikucheka tena. Akaenda Morogoro, na kila likizo alirudi na mfuko wa makaratasi. Mimi shule niliachia kidato cha pili, lakini yale makaratasi niliyasoma yote, simu ya mteja mkono huu, somo la ajira mkono ule. Mahali fulani imeandikwa kwamba mfanyakazi ni rasilimali kuu ya taasisi. Nikamwambia, "Dada, mbao ni rasilimali. Mafuta ni rasilimali. Mama yangu mimi naye rasilimali?" Akacheka mpaka akashika meza. "Unaona? Wewe ungefaulu kule kuliko mimi. Ungefukuzwa tu kwa mdomo."

Mwaka wa mwisho akapangiwa fildi, yaani mafunzo ya kazini, na fildi yenyewe ikawa kwenye kiwanda kile kile. Afisa utumishi, yule bwana wa "mama wa kona", akampa kazi ya kuhakiki vibarua: kila jina kwenye daftari liwe na sura moja. Hapo ndipo yalipoanza mambo, maana kila mtu wa bonde hili anajua kitu ambacho ofisi ile ilikuwa haikijui. Jina moja la kibarua linabeba watu wawili, watatu. Kuna mama mmoja, jina lake limo kwenye daftari, lakini anayekaa kwenye mkeka leo anaweza kuwa yeye, kesho wifi yake, keshokutwa binti yake mkubwa. Mpunga unapoanza kutoa masuke kule Katindiuka lazima mtu alale shambani na kuamka alfajiri kufukuza ndege, vinginevyo mnavuna majani. Sasa mmoja yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anapiga debe ndege waruke, mwingine yuko kiwandani anaitika jina. Wiki ikiisha wanabadilishana. Nyapara akiita, aliyepo anasema "nipo", na mchele unachambuliwa. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Wanapokezana, basi, kama wanavyopokezana kubeba mtoto safarini.

Dada mwenyewe alishawahi kuitika jina la watu. Kwa hiyo afisa alipomwambia, "Niletee orodha ya matapeli tuwakate," alikuwa anamwomba ajiandike yeye na mikeka yote. Hakupeleka orodha. Alipeleka ripoti, niliyoichapa mimi kwa vidole viwili. Ukurasa wa kumi na saba naujua kwa kichwa. Aliandika kwamba siku zote za fildi yake hakuona mkeka uliokaa mtupu hata siku moja, wakati wale wa mikataba kule ofisini walikosekana kazini kila mara. Akapendekeza kadi moja iandikwe majina yote ya nyumba, kila mtu ajulikane kwa jina lake, ili wifi akiumia kazini atibiwe kama wifi na siyo kama mtu mwingine. Mnaona akili hiyo? Afisa akasoma, akamrudishia. "Hii ni hadithi ya kijijini. Lete orodha, ndiyo nisaini." Bila saini ya msimamizi hakuna alama za fildi, na bila fildi hakuna diploma. Ukurasa wa mwisho ukabaki na mstari mtupu.

Sasa niseme la kwangu, maana nikilificha nitakuwa mnafiki. Nilikwenda. Nilifunga kibanda saa nne asubuhi, nikaingia ofisini kwa yule bwana bila hodi. Shikamoo sikutoa, mtu umri wa baba yangu. "Wewe umesoma wapi?" nikamuuliza. "Unanyima saini kwa sababu mtu kakataa kuwauza mama zake?" Akaniangalia, akaangalia ripoti iliyokuwa mezani kwake. Akasema taratibu, "Kumbe anatuma wahuni." Akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Jioni dada akaja kibandani. Hakukaa.

"Nani alikutuma?"

"Dada, yule mtu anakudharau."

"Najua. Jana aliniita nirudi na ripoti, akaniuliza, hivi hiyo kadi ya nyumba ingefanyaje kazi? Aliuliza, mdogo wangu! Ilikuwa mezani kwa sababu alikuwa anaisoma."

Niliinama nikaanza kufungua simu ya mteja niliyokuwa nimeshaimaliza.

"Umeupoza moyo wako," akasema. "Wangu umeuacha hapo hapo ulipokuwa."

Akarudi kwenye mkeka na elimu yake yote, akachambua mchele misimu miwili. Kila mara alipopita mlango wa ile ofisi alibisha hodi, akatoa shikamoo, akauliza. Kila mara akajibiwa, "Bado, mama." Mimi alinisamehe ndani ya wiki. Alikuwa hawezi kununa, na simu yake ilikuwa mbovu.

Basi Alhamisi, makaburini, padri kamaliza, wasifu wa marehemu umesomwa, akainuka nani? Yeye, yule afisa. Suti nyeusi, mwavuli umeshikwa na dereva wake. Akasema kiwanda kimepoteza rasilimali muhimu. Rasilimali! Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye masikio. Hakumtaja jina hata mara moja, alisema "huyu mama". Nilipiga hatua, mjomba wa dada akanishika mkono wa shati. "Kijana, leo siyo siku yako." Nikasimama. Lakini nikasimama karibu na yule afisa, makusudi.

Ndipo nikaona macho yake yanazunguka. Mikeka yote ilikuwa pale. Akina mama wote wa kiwandani, khanga zimelowa, wanaimba, wengine wanamwaga udongo kwa mikono. Siku ya kazi, saa tisa mchana, mzigo mkubwa wa mchele unasubiri gari. Akatoka pembeni akapiga simu. Ile simu naijua, niliitengeneza mwenyewe baada ya kuangushwa, sauti inavuja nje kama redio. Akauliza, "Mashine zimesimama toka saa ngapi?" Nyapara akajibu, "Hazijasimama, bosi." "Nani anachambua?" "Wote wapo, bosi. Nimeita majina asubuhi, wameitika wote."

Wameitika wote. Wifi, binti, dada mtu, mama mkwe aliyeshushwa kutoka kwenye dungu la Katindiuka alfajiri. Kila mkeka ulikuwa na mtu, ili kila mama aje amzike aliyekataa kuwaandika matapeli. Yule bwana alitoa simu sikioni. Akawatazama wale akina mama mmoja mmoja, kwa muda mrefu, na mimi nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuwaona. Nilikuwa na maneno mdomoni ya kumchana vipande. Nikakumbuka kile nilichoambiwa kibandani. Nikasema kwa sauti ya chini, "Ukurasa wa kumi na saba, mzee." Aliuchukua mwavuli kwa dereva, akaufunga, akaondoka nao mkononi, mvua inamnyeshea.

Wiki imepita. Hajamfukuza mtu na hajasaini. Kabla sijaandika haya nilikwenda kwenye mikeka kuwauliza wenyewe, na mama mmoja akaniambia, "Andika, mwanangu. Ameshatuona, tujifiche nini?" Basi nimeandika. Na nyie mlioko vyuoni mnasomea kusimamia watu, sikilizeni jambo hili moja kutoka kwa fundi simu: kabla hujamkata mtu kwenye daftari, nenda ukakae kwenye mkeka wake, uulize jana alikuwa wapi na nani alimshikia nafasi. Dada alikuwa ameshakaa pale ndipo akaenda chuo, kwa hiyo alijua kipi kwenye makaratasi ni kweli na kipi ni maneno. Tumemzika mtu tuliyemhitaji kwenye kile kiti, na hasira yangu hainiishi, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Ripoti nimeichapa upya, ipo kibandani, ndani ya bahasha, haijakunjwa. Mama yake anataka cheti akitundike ukutani chenye majina ya mwanae kamili, matatu yote. Chuo kinasubiri ule mstari mmoja tu. Mzee, shikamoo. Njoo na kalamu. Mimi nitakaa kimya.