Nilikatwa titi kwa saratani, na mimi ni mwanaume. Sasa ndugu yangu hataki kupimwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu. Nakunywa chai yangu, nasoma vita vyenu vya siasa, nalala. Leo naandika kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Haya yamenipata mwenyewe, na asiyeamini aje Endebess nimfungulie shati aone kovu.

Niwaambie kabisa shida iko wapi. Nina ndugu mdogo, tumwite Wafula. Daktari alisema apimwe. Yeye hataki, na hata simu zangu hapokei.

Sasa nianze mwanzo.

Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Endebess, maziwa nauza Kitale. Lakini kwetu kwa kuzaliwa ni Myanga, Bungoma. Mke wangu anaitwa Wambui, watu wao walihamia Trans-Nzoia zamani kutoka upande wa Nyeri.

Miaka kadhaa iliyopita chuchu yangu ya kushoto ilianza kukauka na kuchubuka. Sasa mfugaji akikaukiwa na ngozi anafanya nini? Anachota milking jelly, yale mafuta tunayopaka ng'ombe wakati wa kukamua. Mikono ikipasuka tunapaka hiyo. Midomo ikikauka, hiyo hiyo.

Nikapaka kifua.

Nilipaka miezi na miezi. Chuchu ikaanza kuingia ndani, na nyuma yake kukawa na kitu kigumu kama punje ya mahindi. Na mjue, ng'ombe wangu akipata uvimbe kwenye kiwele, mimi nausikia kwa vidole kabla daktari wa mifugo hajashuka kwa pikipiki.

Wambui aliniambia, "Baba Nafula, hiyo ingekuwa ya ng'ombe ungekuwa umeita daktari kitambo."

Nilimcheka. Nikamwambia mwanaume hana titi, ana kifua.

Mpaka siku niliona damu kwa fulana. Zahanati ya kwanza walinipa dawa ya jipu. Nilipofika Kitale ndio wakatoa kinyama kidogo wakapeleka maabara. Majibu yakarudi: saratani ya matiti.

Wakuu, niligeuka nyuma nione ni nani anaambiwa.

Upasuaji nilifanyiwa Eldoret, halafu ikaja chemo. Nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya misumari. Siku ya kliniki ni benchi nzima ya akina mama, na mimi peke yangu katikati. Siku ya kwanza nesi alitoka akaniambia, "Mzee, si ungojee mama huko nje? Hapa ni pa wagonjwa."

Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Benchi yote ikageuka kunitazama.

Lakini nisiwe mtu wa kukosa shukrani. Wale akina mama ndio walinifundisha kupandisha mkono polepole ukutani mpaka ukarudi kufanya kazi. Walinichekea, wakanipa uji wao. Watu wa damu yangu hawakunifanyia hivyo.

Sasa daktari akaniambia ugonjwa huu wakati mwingine hutembea katika familia, kwa hivyo ndugu zangu waje wapimwe. Tumebaki watatu tu. Dada yetu Nekesa, ameolewa Malakisi, alienda mara moja na hakupatikana na kitu. Mungu ni mwema.

Wafula, wa bodaboda kule Myanga, alicheka kwa simu. "Mimi niende kushikwa matiti? Ati nikirudi hapa stage niambie watu nilikuwa wapi, bana?"

Nikasema ni utoto, atakubali tu. Halafu Agosti ikafika.

Kijana wa Nekesa alikuwa anapashwa tohara. Kwa wasiotujua sisi Wabukusu, kijana kabla ya kisu huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba anachinja fahali na kumvika kijana luliki, ukanda wa nyama ya fahali huyo, unaanzia shingoni unashuka kifuani. Ndiyo baraka ya ujombani. Na mjomba mkubwa ni mimi.

Fahali nilimlea mwenyewe, nikampakia lori mpaka Myanga. Wakati wa chemo, nikitapika, nilikuwa najiambia nisife kabla ya kumvika yule kijana luliki. Wambui ni shahidi.

Kijana akaja na njuga zake, watu wanaimba, vumbi juu. Mimi nimeshika kisu tayari. Wafula akanivuta nyuma ya jikoni, na wazee wawili wa ukoo wako naye.

"Baba Nafula, usikasirike. Wewe umekatwa titi kama mwanamke. Mkono wako ukimgusa huyu mtoto, kesho ataogopa kisu. Si unajua akilia ni aibu ya ukoo mzima? Wacha nimvike mimi."

Niliwaangalia wazee. Mmoja akaangalia viatu vyake, mwingine akasema, "Ni vile mambo iko, kijana wangu."

Kijana! Mimi nina wajukuu.

Nekesa alilia akiwaomba, hawakumsikia. Kijana alikuwa anangoja na watu wameanza kunong'ona. Nikampa Wafula kisu. Nikasimama pembeni na wageni nikitazama ndugu yangu akimvika kijana nyama ya fahali wangu.

Asubuhi yake kijana alisimama wima, hata jicho hakupepesa. Watu wakasema ni mkono wa Wafula. Niliumia, wakuu. Kisu cha Eldoret hakikuniuma hivyo, maana kile nilipigwa ganzi.

Kabla sijaondoka nilimwambia mbele ya watu, "Luliki umechukua, sawa. Lakini nenda upimwe."

Akanijibu, "Peleka huko ugonjwa yako ya wanawake, usinirushie."

Tangu siku hiyo simu hapokei. Na mimi nikachoka. Nikasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi na avunjike. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Jana mke wa Wafula alimpigia Wambui. Wakasalimiana, wakaongea mambo ya mvua na bei ya mahindi. Mwishowe akaomba tumtumie kopo moja la milking jelly, kwa vile sisi tunanunua ya wafugaji. Ati Wafula kifua kimemkauka upande mmoja, sijui ni sabuni gani anaogea.

Wambui aliweka simu mezani, akaniangalia.

Hasira bado ninayo, sitawadanganya. Lakini kesho nashuka Myanga, na kopo sibebi. Akinifungia mlango nitakaa hapo nje. Kama ni lazima, nitavua shati pale stage yake, watu wote waone.

Wanaume wa humu, funzo ni fupi: mna matiti. Yashikeni leo mkioga, na mkisikia kitu msipake mafuta.

Na kama kuna mtu aliwahi kumfikisha hospitali mtu mzima asiyetaka kwenda, aniandikie hapa chini alimwambia nini. Mimi maneno yangu niliyamaliza Agosti.